Tabora kwa Macho ya Asiye na Gari

Sina gari, sijapata kuwa nalo, na leseni ya udereva sina. Nalisema mapema kwa sababu wanaoandika habari za magari karibu wote ni wenye magari, na mwenye gari hulitazama akiwa ndani: kiti, redio, kiyoyozi, lita ngapi kwa kilomita ngapi. Mimi nayatazama nikiwa pembeni mwa barabara, nikisubiri yapite nivuke. Tabora, huko pembeni ndiko tuliko wengi, na habari za gari zinazosimuliwa kutoka huko ni nyingine kabisa na zile za matangazo.

Mji huu ulijengwa kwa miguu. Kabla ya reli, kila kilichoingia Unyanyembe, nchi iliyouzunguka mji huu, na kila kilichotoka kilipita begani au kichwani mwa mtu. Vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba na baruti vilipanda kutoka Bagamoyo. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na pamoja nazo walishuka watu waliotiwa minyororo. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, kilo thelathini na ushei, na juu ya mzigo huo wa tajiri aliongeza mkeka wake, chungu chake na posho yake. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Kaze, ndiyo Tabora ya enzi hizo, Novemba 7. Stanley alipopita mwaka 1871, akiwa na pesa za gazeti la New York Herald na haraka ya kumtafuta Livingstone, alitumia miezi mitatu hivi, na hapo alisifiwa kwa mwendo wa kasi.

Kwa nini hawakutumia mikokoteni? Kwa sababu ya mbung'o. Mapori ya miyombo yalijaa wadudu hao, na ng'ombe, farasi na punda waliopitishwa humo walikufa njiani. Ulaya ilikuwa na barabara za magurudumu karne nyingi kabla ya injini. Injini ilipokuja ilikuta njia imeshapanuliwa, mafundi wa magurudumu wapo, na waenda kwa miguu wameshazoea kusogea. Sisi hatukupitia enzi ya gari la farasi. Tulitoka kwenye kichwa cha mpagazi tukatua kwenye garimoshi. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Gari la injini lilipojitokeza lilikuta njia ya msafara yenye upana wa mtu mmoja, kirangozi mbele na wengine nyuma yake kwa mstari.

Ofisa mmoja wa jeshi la Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari mwezi Agosti 1907 na kufika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, Mei 1909. Anatajwa kuwa mtu wa kwanza kulikata bara la Afrika kwa gari kutoka bahari hadi bahari. Nimewahi kuziona picha za safari hiyo. Katika nyingi, gari limenasa, na Waafrika wanalivuta kwa kamba au kulisukuma. Kwa macho ya mtu wa pembeni, hapo hakikubadilika kitu: mzigo ulikuwa bado juu ya mpagazi, ila sasa mzigo wenyewe ulikuwa na magurudumu.

Kwa miaka mingi baadaye gari lilikuwa la kiangazi tu. Masika yakianza, reli iliendelea na kazi na gari likalala. Hadi juzi hapa, mtu aliyetoka Dar es Salaam kwa basi alizungushwa Singida, Igunga na Nzega ndipo aingie Tabora kutokea kaskazini, wakati njia ya mkato kupitia Manyoni na Itigi ipo na inaonekana kwenye ramani. Kipande cha mwisho cha njia hiyo kuwekwa lami ni kile cha Nyahua hadi Chaya, kilomita 85.4, alichokizindua Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Mei 2022. Tazama ramani tena. Katikati ya Nyahua na Chaya pana Tura, na Tura ndipo misafara ilipotokea baada ya kuvuka Mgunda Mkali, lile pori kavu lililoanzia mwisho wa Ugogo. Misafara ilifika ukingo wa pori hilo ikiwa imeshawalipa watemi wa Kigogo hongo, yaani ushuru wa njia, doti kwa doti ya kitambaa, imechoka, na mbele yake hapakuwa na maji ya uhakika wala kijiji cha kununua mtama. Sehemu ya pori hilo walilolihofu wapagazi ndiyo iliyoachwa mwisho na wahandisi. Leo basi linakipita abiria wakiwa wamesinzia, na tangu mwaka 2023, marufuku ya mabasi kusafiri usiku ilipoondolewa, wengine wanakipita gizani wasijue kabisa kama wamepita.

Nilipokuwa mtoto, magari ya Tabora yalikuwa machache kiasi cha kujulikana kwa wenyewe. Kulikuwa na Landrova ya Bwana Afya, Landrova ya misheni, Bedford la mfanyabiashara wa Kihindi, lori la ushirika lililobeba marobota ya tumbaku kutoka Urambo, na Pijo chache za teksi zilizokaa karibu na stesheni kusubiri treni. Tuliyajua kwa mlio kabla hayajaonekana. Dereva alisalimiwa kabla ya bosi wake. Utingo alikaa nyuma na gogo lake, na lori likikwama huruka chini na kulichomeka nyuma ya tairi kabla halijaanza kurudi. Tulimwona mtu jasiri kuliko dereva mwenyewe, na bado naona hivyo.

Mafuta yalikuwa haba. Baada ya bei ya mafuta duniani kupanda na Vita vya Kagera kutukausha, petroli ilikuwa kitu cha kibali, na Jumapili mchana magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani. Kwa mwenye gari hiyo ilikuwa adha. Kwetu ilikuwa siku ya kucheza mpira barabarani.

Ila jambo ninalolikumbuka zaidi kuhusu magari yale ni kwamba yalisimama. Mjamzito alipokaa kando ya njia na mkwewe, Landrova ilisimama. Mwalimu akirudi kituoni kwake na gunia la unga, lori lilisimama. Sisemi watu walikuwa wema kuliko sasa. Nyingi ya lifti hizo zililipiwa, na wapo walioanguka kutoka juu ya magunia wakafa. Yalisimama kwa sababu yalikuwa ya umma, au ya dini, au ya tajiri aliyehitaji kuelewana na wateja wake. Na kwa sababu barabara mbovu ilimlazimisha dereva kwenda taratibu, kiasi cha kumwona mtu usoni. Ukishamwona mtu usoni, na mjomba wake unamfahamu, kumpita si kazi rahisi.

Milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na zaidi miaka ya 1990, yakaanza kuja magari ya Japani. Carina, Mark II, Hiace, kisha Vitz, Spacio, Noah na hatimaye IST, ambayo kwa sasa ndiyo imeshika mji. Sababu inaeleweka. Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na kule gari likizeeka, ukaguzi wa serikali wa kila miaka miwili unamgharimu mwenyewe kuliko anavyoona inafaa, basi huliuza. Kenya hawapokei gari lililozidi miaka minane. Sisi tunalipokea, ila tunalitoza kodi ya ziada kwa uchakavu. Kwa hiyo wazee wanaokataliwa Mombasa wanateremkia Dar es Salaam.

Kijana wa jirani yangu anaendesha teksi IST, na siku moja nilikaa mbele nikaichunguza vizuri. Kwenye fremu ya mlango kuna karatasi ndogo ya Kijapani inayoonyesha lini oili ilibadilishwa na ibadilishwe tena lini. Juu ya kioo cha mbele kuna stika ya mraba ya ukaguzi wa huko. Viti vya nyuma bado vina nailoni aliyoiweka yeye mwenyewe ili gari lionekane jipya. Alipowasha, sauti ya mwanamke ikatoka kwenye dashibodi ikazungumza Kijapani kwa adabu kubwa. Inatangaza kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijachomekwa. Barabara ya kulipia Tabora hakuna, lakini mama huyo ametangaza hivyo kila asubuhi tangu gari liingie nchini. Kijana hujibu, "Haya mama, nimesikia," anaondoka. Redio nayo ilikuwa haishiki nusu ya stesheni zetu, maana FM ya Japani inaanzia chini, 76, na magari mengi ya umri huo yanaishia 90; ilibidi anunue ekspanda ndipo akapata taarabu yake.

IST ya toleo hilo ilitoka kiwandani kati ya mwaka 2002 na 2007. Gari lake ni la umri wa kijana aliyemaliza kidato cha sita. Lakini kwa mujibu wa Tabora, ni jipya kabisa, kwa sababu namba yake ya usajili ni ya kundi la herufi E. Huku hatuulizi gari ni la mwaka gani, tunauliza namba. Mwenye namba B anaonekana kuachwa nyuma na maisha, mwenye C anavumiliwa, D ana heshima, na E huegeshwa mbele ya baa ili wapitao waisome vizuri. Matangazo yanasema "namba D, haijarudiwa rangi, kadi mkononi," na inatosha. Miaka kumi na mitano gari liliyokaa Yokohama au Nagoya haihesabiwi. Tunaanza kuhesabu siku lilipopewa namba na TRA, mamlaka ya mapato. Sijawahi kuona mahali pengine ambapo uzee hufutwa kwa kipande cha bati.

Lakini mabadiliko makubwa zaidi yametokea chini ya boneti, na yameumiza watu ninaowaheshimu. Karibu na soko kuna gereji bubu chini ya mwembe, na hapo kuna mzee aliyejifunza kazi kwa Bedford. Kwake gari ni kabureta, platini, plagi, pampu. Aliweza kuegemeza bisibisi kwenye injini, akaweka sikio kwenye mpini wake, akakwambia silinda ya ngapi haichomi. Wiki chache zilizopita nilikuwepo alipokuja mwalimu mmoja kijana na Ractis iliyokuwa inazimika.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Inasumbua nini?"

"Taa ya injini inawaka, mzee. Halafu inakosa nguvu."

Mzee akafungua boneti. Alikuta kifuniko cha plastiki, na chini yake waya. Akasikiliza. Kisha akamwita mjukuu wake, mvulana wa chuo cha ufundi cha VETA, aliyekuja na kifaa kidogo kama kiberiti, akakichomeka chini ya usukani, akatazama simu. "Sensa ya oksijeni, babu." Mzee akafunga boneti taratibu, akarudi kwenye gogo lake. Baadaye aliniambia kwamba injini hizi ni bora, hazili mafuta, haziwashwi kwa hendeli, na hazihitaji kusukumwa asubuhi ya baridi, na kwamba yeye mwenyewe akipata pesa atanunua moja. Kinachomkera ni kwamba mteja hamwamini fundi mpaka simu iseme. Nami sina hakika kwamba mteja amekosea. Simu ilisema kweli. Lakini ilisema kitu kimoja tu, wakati mzee alijua pia kwamba mwalimu yule anapakia magunia ya mpunga kwenye gari la watu watano.

Kuna gari jingine ambalo halina shida na fundi wa chini ya mwembe, kwa sababu halifiki kwake. Ni Land Cruiser ya wakubwa, shangingi, VX kwanza na baadaye V8. Land Cruiser mpya, ile ya 300 iliyotoka mwaka 2021, haina hata injini ya V8, ina V6. Bado inaitwa V8, na mwenye nayo hasahihishi. Ninalolisema juu yake ni dogo. Mkuu wa wilaya wa zamani alikuja na Landrova ya turubai. Vumbi tulilokula sisi alikula naye, na akishuka nyusi zilikuwa nyeupe. Wa leo yuko nyuma ya kioo cheusi, ubaridi wa nyuzi ishirini, na barabara ya mashimo inamfikia ikiwa imeshalainishwa na springi za mamilioni. Ripoti atakayoiandika juu ya barabara hiyo itakuwa ya ukweli kwa jinsi alivyoiona. Ndiyo maana nayaogopa magari mazuri ya serikali kuliko ninavyoyaonea wivu.

Basi ni gari lipi linalosimama siku hizi? Bodaboda. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoziruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria, Boxer na SanLG zimefanya kazi ambayo Landrova ya misheni haikuifanya hata ilipokuwa na mafuta. Mjamzito wa Uyui hasubiri tena huruma ya dereva, anapiga simu. Watu wa mjini wanalalamika kuhusu kelele, ajali na ukaidi wa vijana hawa, na wodi za mifupa zinawaunga mkono. Hata hivyo, mtu akiniuliza ni chombo gani kilichobadilisha maisha ya mkoa huu kwa miaka thelathini iliyopita, sitataja IST wala V8. Nitataja pikipiki, na kabla yake baiskeli.

Baiskeli ndiyo mrithi halali wa mpagazi. Swala iliyounganishwa nchini, na Phoenix ya Kichina iliyokuja kuishinda, zilichukua kazi ile ile ya frasila na kuizidisha. Simama asubuhi kwenye njia yoyote inayoingia mjini, ya Sikonge, ya Urambo, ya Nzega. Utaona madumu ya asali yamefungwa kwa mipira, mkaa uliozidi urefu wa mwendeshaji, maziwa, kuku wamening'inia vichwa chini, mama na watoto wawili kwenye keria. Mwendesha baiskeli huyu hayumo kwenye takwimu za kupongezana wakati wa uzinduzi, na kwenye barabara yenyewe pia hayumo. Lami inaishia pale pale gari linapoishia. Bega la barabara ni jembamba, kingo zimemomonyoka, na Fuso likipiga honi nyuma yake inabidi aruke chini kwenye changarawe na mzigo wake. Kibao cha 50 kipo kijijini, lakini dereva wa leo, tofauti na yule wa vumbi, haoni uso; anaona kitu cha kukwepa.

Mengine mapya yanakuja. Reli ya kisasa iko njiani kutoka Makutupora kuja Tabora. Ethiopia mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli, na Japani yenyewe inahama, kwanza kwa haibridi. Miaka kumi ijayo yatakayoshuka bandarini kwetu yatakuwa hayo, betri zikiwa zimechoka, na mjukuu wa fundi wetu atahitaji kujua umeme kuliko oili. Afadhali VETA waanze kumfundisha sasa. Lakini gari la umeme litakuwa kimya, na huyo wa baiskeli hatasikia hata mngurumo wa kumwambia aruke.

Kwa hiyo ombi langu kwa TANROADS na TARURA, wasimamizi wa barabara zetu, ni moja. Mkichora upya barabara zinazoingia Tabora, wekeni njia ya baiskeli ya lami, iliyotengwa kwa ukingo na si kwa rangi, kila upande, kuanzia mjini hadi kijiji cha mwisho kinacholeta mkaa na asali sokoni. Watakaoitumia wapo tayari tangu alfajiri ya leo. Wabunge wetu wanakaa Dodoma kila mwaka kati ya Aprili na Juni kujadili bajeti. Wengi wao watakwenda kwa V8, kupitia Nyahua na Chaya. Wakifika, wamuulize hilo Waziri wa Ujenzi, na wakirudi watuambie alijibu nini.